Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufuatilia Muziki Mpya wa Kielektroniki na Mbadala Kila Wiki Ukiwa Nairobi

Majibu haya yana upendeleo, na ni vizuri uujue mapema. Mwandishi huamini lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kurekodi, kuliko pleilisti kubwa, na huanza kutafuta nyumbani kabla ya kuvuka bahari. Ukitaka nyimbo kumi zinazovuma kwa sasa, matatu yoyote ya Rongai itakupa bila malipo ya ziada.

Kwa nini kila mtu anangoja Ijumaa?

Kwa sababu tarehe 10 Julai 2015 kampuni za kurekodi, chini ya shirikisho lao la kimataifa la IFPI, zilianza kutoa albamu mpya siku moja dunia nzima. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na siku yake: Ujerumani Ijumaa, Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne. Albamu iliyotoka Ujerumani Ijumaa ilikuwa imeshavuja mtandaoni kabla mtu wa New York hajaiona dukani.

Kwenye muziki wa kielektroniki, hata hivyo, sheria hiyo inafuatwa nusunusu. Prodyuza anayetoa kazi zake mwenyewe anaweza kuziweka Jumanne usiku bila tangazo lolote. Kwa hiyo Ijumaa ichukue kama siku ya kukusanya, halafu chungulia tena katikati ya wiki.

Saa ngapi hasa kwa saa za hapa?

Inategemea. Kazi nyingi kwenye Spotify au Apple Music hufunguka saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa kwa saa za kwetu. Nyingine hufunguliwa kwa wakati mmoja dunia nzima, mara nyingi saa sita usiku ya New York, na hapo sisi tunakuwa tayari tumeamka: saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea kama Wamarekani wamesogeza saa zao. Ikiwa ni ya London, ni saa nane au saa tisa usiku. Kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, anayeamua ni msanii au lebo. Hakuna sababu ya kukesha. Albamu itakuwepo Jumamosi.

Nyimbo ni nyingi mno. Nitasikiliza zote vipi?

Hutasikiliza. Kampuni ya takwimu za muziki ya Luminate ilihesabu kwamba mwaka 2023 nyimbo mpya zaidi ya 100,000 ziliwasilishwa kwenye majukwaa kwa siku moja, kwa wastani. Kwa siku, si kwa mwezi. Hakuna mwandishi wa magazeti, dijei wala kompyuta inayosikiliza hizo kwa niaba yako kwa haki. Kazi yako ni kuchagua mlango wa kuingilia, na mlango bora ni lebo.

Kwa nini lebo?

Lebo ndogo huendeshwa na watu wachache wenye masikio yao na madeni yao. Wakiweka fedha kwenye albamu ambayo pengine itanunuliwa na watu mia tano, wana sababu. Ukipenda kazi mbili za lebo moja, uwezekano wa kupenda ya tatu ni mkubwa kuliko uwezekano wa kupenda chochote kilichochaguliwa na mashine.

Mfano wa hapa kwetu. KMRU, jina lake Joseph Kamaru, alikulia Nairobi na sasa anaishi Berlin. Ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa benga, mwanamuziki aliyeimba siasa bila woga na aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu haimbi. Hurekodi sauti za mazingira, umeme, mvua, mitaa, kisha huzinyoosha hadi zinakuwa kitu kipana na kizito. Albamu yake ya *Peel* ilitoka 2020 kwenye Editions Mego. Sasa fuata uzi: fungua ukurasa wa Editions Mego, na mbele yako kuna miaka mingi ya muziki wa majaribio kutoka Vienna. *Limen*, aliyoifanya 2022 na Mfaransa Aho Ssan, ilitoka Subtext, fungua Subtext. *Natur* ya 2024 ilitoka Touch, lebo ya Uingereza iliyoanza mwaka 1982. Msanii mmoja wa Nairobi amekupa lebo tatu za kigeni, na hujatumia pleilisti hata moja.

Usisahau kushuka upande wa pili pia. KMRU amekuwa akiziweka rekodi za babu yake kwenye Bandcamp, kwa hiyo uzi huohuo unakurudisha kwenye benga ya River Road.

Nitajie lebo za kuanzia.

Karibu na nyumbani ni Nyege Nyege Tapes na dada yake Hakuna Kulala, zote za Kampala, kutoka kwa watu walewale wa tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015 kule Jinja. Hakuna Kulala ni kwa mwenye moyo mgumu. Mbali kidogo: Príncipe ya Lisbon, yenye midundo ya vijana wa asili ya Angola na Cape Verde, ambayo mguu wa Mwafrika huielewa bila maelezo. Hyperdub ya London, iliyoanzishwa 2004. Planet Mu. Warp kwa historia, kwani ilianza Sheffield mwaka 1989, ingawa siku hizi ni kubwa kiasi kwamba utazisikia habari zake hata usipozitafuta. InFiné ya Ufaransa, ambayo 2022 ilitoa *Kilumi* ya Coco Em wa Nairobi.

Fuata tano au sita tu mwanzoni. Ukifuata arobaini kwa siku moja, barua pepe zitakushinda na utaacha kuzifungua.

Wasanii gani wa Nairobi nisiwakose?

Swali hili huja kwa sauti ya mshangao, kana kwamba Nairobi imeanza jana. Just a Band walikuwa wakifanya elektroniki hapa tangu albamu ya *Scratch to Reveal* ya 2008, kisha *82* ya 2009, kisha video ya "Ha-He" ya 2010 iliyomrudisha mjini Makmende, yule mbabe wa kubuni. Wengi wetu tulicheka na Makmende tukasahau kuusikiliza mdundo. Rudi uusikilize.

Baadaye lilikuja kundi la EA Wave: Jinku, Ukweli, Hiribae na wenzao, vijana waliokuwa wakitoa kazi zao kwenye SoundCloud kabla redio hazijajua waziite nini. Slikback alitoa *Lasakaneku* 2018 na *Tomo* 2019 kwenye Hakuna Kulala, na tangu hapo ni vigumu kumfuata kwa kasi anayotoa vitu. Mwaka 2025 alifika Planet Mu na *Attrition*. Nyokabi Kariũki alianza na *Peace Places: Kenyan Memories* ya 2022, ambamo kumbukumbu za nyumbani zinaimbwa na kunong'onwa kwa lugha zaidi ya moja, *FEELING BODY* ya 2023 ilitokana na ugonjwa wa muda mrefu baada ya korona, na ni albamu ya kusikiliza ukiwa umelala chali.

Halafu kuna Duma.

Duma ni kelele tu. Mnasikia nini humo?

Ni kelele, ndiyo. Kelele zilizopangwa. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwenye jamii ya metali ya Nairobi, ambayo watu wengi wa jiji hili hawajui kama ipo, na mwaka 2020 Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu yao ya *Duma*. Ngoma za kompyuta zinakimbia kuliko mpigaji yeyote mwenye mikono miwili, gitaa limegeuzwa moshi, na juu yake kuna mtu anapiga mayowe kama amefungiwa. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, aliendelea na *The Adept* mwaka 2024 kwenye lebo yake mwenyewe, HAEKALU.

Ushauri: usianze na spika ya simu. Spika ya simu haina besi, na kazi hii bila besi ni mluzi mtupu. Usikilize wimbo mmoja, mara mbili, ukifuata ngoma peke yake, uyaache mayowe yapite. Ikiwa bado hupendi, basi hupendi. Hakuna mtihani.

Singeli inaingia kwenye orodha hii kweli? Si muziki wa vigodoro?

Inaingia, na mbele kabisa. Singeli ilikua kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha za uswahilini Dar es Salaam: vipande vya taarab vikikatwa, vikazungushwa na kuongezwa kasi mpaka mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine karibu 300, juu ya kompyuta za kawaida na programu za kawaida. Huo ni muziki wa kielektroniki kwa maana yoyote ile. Watu wa Ulaya walipouvamia baada ya mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* wa 2017, kutoka studio ya Sisso kule Mburahati, waliuandika kama uvumbuzi mpya kabisa, wakati Mtanzania yeyote aliyewahi kukesha kwenye kigodoro alikuwa ameshacheza nao.

Sikiliza *Tatizo Pesa* ya Jay Mitta na *Poaa* ya Bamba Pana, zote za 2018, kisha *Mr Mixondo* ya DJ Travella ya 2022, ambayo inasikika kama mchezo wa video umepandwa na shetani. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna faida ambayo mhakiki wa London hana: MC anapoingia, tunaelewa matani yake.

Na muziki mbadala ni upi hasa?

Roki isiyo ya redio, indie, RnB yenye makali, folki ya ajabuajabu, metali. Mpaka na elektroniki umefutika karibu wote, ndiyo maana tunaviweka pamoja. Nairobi, mahali ambapo watu wengi walikutana na muziki huu kwa mara ya kwanza ni tamasha la Blankets and Wine, lililoanzishwa mwaka 2008 na Muthoni Drummer Queen, hata kama wengine walienda kwa ajili ya mvinyo.

Spotify si inanipendekezea kila wiki? Kwa nini nisumbuke?

Spotify ilifika Kenya Februari 2021 na imetusaidia sana, lakini fahamu unachopewa. Discover Weekly ya Jumatatu ni nyimbo 30 ambazo *wewe* hujazisikia, na nyingi zinaweza kuwa za miaka kumi iliyopita. Inayohusu vitu vipya ni Release Radar ya Ijumaa, nayo hutegemea sana wasanii uliobonyeza kuwafuata. Watu wengi hawabonyezi, kisha wanalalamika kwamba Release Radar yao imejaa watu wasiowajua.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mashine hukupa kinachofanana na ulichokwisha kusikia. Ukiwa umecheza amapiano wiki nzima kwa sababu ya harusi ya binamu yako, Jumatatu utapewa amapiano. Mtu anayeendesha lebo hajui habari za harusi hiyo.

Bandcamp inafanyaje kazi?

Ni duka ambako msanii huweka kazi yake mwenyewe. Unasikiliza kwanza, ukipenda unanunua, na faili zinakuwa zako: MP3, au FLAC na WAV zisizopunguzwa ubora, utakavyo. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na asilimia 10 ya vitu vya kushika mkononi kama santuri na kaseti. Ukimfuata msanii au lebo, barua pepe inakuja kazi mpya ikitoka.

Kuna mambo mawili ambayo wageni hawayaoni. La kwanza: kwenye ukurasa wa albamu kuna safu ya vipicha vidogo vya watu walioinunua. Bonyeza kimoja. Utaona kila kitu ambacho mtu huyo amewahi kununua. Ukikuta mgeni wa Osaka au Glasgow aliyenunua albamu nne unazozipenda, ya tano na ya sita kwenye rafu yake ni za kwako kujaribu leo usiku. Hakuna pendekezo bora kuliko la mtu aliyetoa fedha zake. Nimepata muziki mwingi kwa njia hii kuliko kwa kusoma wahakiki wote, na ni ya bure.

La pili: kila kazi huwekewa tagi, yaani neno la kuitafutia, ikiwemo ya mji. Andika nairobi, kisha panga kwa zilizotoka karibuni. Utakutana na takataka, maombi yaliyorekodiwa kwa simu, na mara moja moja kitu ambacho hakuna aliyekuambia kipo.

Ijumaa ya Bandcamp ni ipi?

Ni siku ambayo Bandcamp huacha fungu lake ili fedha ziende kwa wasanii. Ilianza tarehe 20 Machi 2020, korona ilipofunga kumbi. Si kila mwezi siku hizi. Tarehe hutangazwa mapema. Inahesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo Nairobi huanza Ijumaa saa nne au saa tano asubuhi na kwisha Jumamosi saa hiyohiyo. Lebo nyingi hungoja siku hiyo kutoa vitu, kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo tu za muziki, zitunze hadi hapo.

Nalipaje bila kadi ya benki?

Kwa M-Pesa. Kadi ya GlobalPay ya Visa, iliyozinduliwa mwaka 2022, inatengenezwa ndani ya M-Pesa yenyewe na inakubalika mahali pengi panapopokea Visa. PayPal pia inaunganishwa na M-Pesa. Kagua kiwango cha kubadilisha fedha kabla ya kubonyeza. Albamu ya dola 8 ni zaidi ya shilingi 1,000, na hiyo ni nauli ya siku kadhaa kwa wengi wetu. Ndiyo maana utafute zilizoandikwa ulipe unachotaka. Baadhi zinakubali sifuri, na kuchukua kwa sifuri mwezi huu ukarudi kulipa mwezi ujao si dhambi.

Bando litaisha?

Hesabu ni rahisi. Ubora wa kawaida wa Spotify, kilobiti 96 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 43 kwa saa. Ubora wa juu kabisa wa MP3, kilobiti 320, hula 144 kwa saa. FLAC hupita 300 bila haya. Pakua ukiwa kwenye waifai ya kazini au ya kahawa, sikiliza barabarani. Kwa masikio mengi na simu nyingi, MP3 ya 320 inatosha, hata kama wapo watakaokugombeza.

Nisikilize redio gani?

NTS ya London, iliyoanza 2011, ina idhaa mbili za moja kwa moja na hifadhi kubwa ya vipindi vya zamani, bure, na mara nyingi kipindi kina orodha ya nyimbo zilizopigwa. Hiyo orodha ndiyo mali. Oroko ya Accra kwa masikio ya Kiafrika. Hapa nyumbani, Homeboyz huwapa madijei nafasi zaidi kuliko wengi.

Wahakiki je?

Bandcamp Daily, The Quietus, jarida la The Wire. Resident Advisor kwa muziki wa klabu. Pitchfork bado ipo, ingawa Januari 2024 iliwekwa chini ya jarida la GQ na wengi waliachishwa kazi. Wasome kwa ajili ya majina, si kwa hukumu. Mhakiki anapoandika kuhusu Nairobi utaona anaeleza msongamano wa magari kabla hajafika kwenye wimbo wa kwanza. Ruka aya mbili.

Albamu ngapi kwa wiki zinatosha?

Tatu, nzima, mwanzo hadi mwisho. Nyingine onja dakika mbilimbili uweke kwenye orodha ya kungoja. Na orodha hiyo ifute kila baada ya miezi mitatu bila huruma.

Muhimu kuliko idadi ni mahali. KMRU kwenye matatu yenye skrini na spika zake ni kupoteza muda. Hutasikia kitu, na kondakta anakudai. Mweke usiku, ving'ora vya mageti vikishatulia. Singeli isikilize umesimama. Albamu za klabu zinakwenda vizuri na kazi za mikono: kufua, kupiga pasi, kukata sukuma wiki.

Santuri zinapatikana mjini?

Za zamani, ndiyo. Real Vinyl Guru kwenye Soko la Kenyatta inajulikana na kila mpenzi wa santuri. Mpya za kielektroniki utaagiza nje, na usafirishaji pamoja na ushuru unaweza kuipita bei ya santuri yenyewe. Agizeni mkiwa watu kadhaa kwa furushi moja.

Nataka kujifunza kutengeneza, si kusikiliza tu.

Tafuta watu wa shirika liitwalo Santuri, ambao wamekuwa wakifundisha uprodyuza na udijei hapa Nairobi na kuwaleta pamoja wanaofanya kazi hii. Nusu ya faida ni masomo, nusu ni watu utakaoketi nao.

Mimi ni msanii. Wimbo wangu utafikaje kwenye orodha za watu kama ninyi?

Pakia kwa msambazaji wako wiki tatu au nne kabla, si Alhamisi usiku. Ukitumia Spotify, wasilisha wimbo kupitia akaunti yako ya msanii angalau siku saba kabla ya kutoka, ili uingie kwenye Release Radar ya wanaokufuata. Weka kazi hiyohiyo Bandcamp, na uandike mji wako. Andika majina ya wote walioshiriki: aliyepiga nyatiti, aliyechanganya, aliyefanya masteringi, kwa sababu wapo wasikilizaji wanaofuata majina hayo kutoka albamu hadi albamu. Na ukituma barua pepe, tuma kiungo cha kusikiliza moja kwa moja. Faili la megabaiti 90 lililobandikwa kwenye barua halifunguliwi na mtu aliye kwenye bando.